Jakuzi Si Mapambo: Kabla Uingie, Itisha Rekodi ya Maji

Nitasema moja kwa moja, na najua kuna wenye BnB wataniblock leo: kama hakuna mtu anayeweza kukuonyesha ni lini maji ya jakuzi yalipimwa mara ya mwisho, usiingie. Hata kama umelipa. Hata kama ni besdei. Hata kama mbogi yote imeshavaa kostyumu na mwenye simu ameanza kurekodi.

Na kwa sisi tunaorekodi, hii inatuhusu mara mbili. Ukiweka video ya mapovu na mishumaa halafu uandike "linki iko kwa bio", umemwambia mtu kuwa pale ni salama. Huwezi kujitetea baadaye ati wewe ulikuwa unaonyesha mandhari tu.

Siku hizi jakuzi imekuwa kama kibali. Keja ya usiku mmoja Kilimani, Ruaka, Naivasha, Diani, ikikosa jakuzi haiendi. Bei inapanda, picha zinapendeza, wikendi zinajaa. Tatizo ni kwamba watu wengi wamenunua jakuzi vile mtu hununua sofa: inaletwa, inawekwa, inafutwa vumbi. Lakini jakuzi si fanicha. Ni mtambo wa maji moto wenye mabomba, pampu na kichujio, na usipoutunza kila siku unageuka nyumba ya bakteria. Bakteria nao hawalipi kodi.

Acha tufanye hesabu kidogo. Chukua bwawa la kuogelea la kawaida, mita 25 kwa 10, kina cha mita moja na nusu. Hilo lina lita 375,000. Sasa chukua jakuzi ya lita 1,500 na uweke watu wanne ndani. Kila mmoja ana lita 375 za maji. Ukitaka lile bwawa libanane hivyo hivyo, itabidi uingize watu 1,000. Elfu moja! Ungeona bwawa lina watu elfu moja ungeingia? Lakini watu wanne kwa jakuzi tunaita "vibe".

Na hao watu wanne hawaingii mikono mitupu. Wanaingia na jasho, losheni, mafuta ya nywele, meikapu, sanskrini, na (tusidanganyane) mkojo kidogo na hata chembechembe za choo. Vitu hivyo vyote vinakula klorini. Klorini ndiyo mlinzi wa maji. Ikimalizika kupigana na losheni yako, haibaki ya kupigana na bakteria. Halafu moto nao unaimaliza haraka zaidi kuliko kwenye maji baridi. Ndiyo maana CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, inasema bwawa liwe na angalau miligramu 1 ya klorini kwa kila lita, lakini jakuzi iwe na angalau 3. Kama wanatumia bromini badala ya klorini, iwe angalau 4. pH iwe kati ya 7.0 na 7.8, na joto lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi.

Kwa hivyo mtu akikwambia "sisi tunaweka dawa ile ile ya pool", usiridhike. Dawa inaweza kuwa ile ile, kazi si ile ile.

Sasa, ni nini hasa kinaweza kukupata? Nitataja mbili tu.

Ya kwanza ni vipele. Kuna bakteria anaitwa Pseudomonas aeruginosa, anapenda sana maji vuguvugu yenye klorini kidogo. Anaingia kwenye vishimo vya vinywele na kukuletea vipele vyekundu vinavyowasha, vingine na usaha. Vinatokea saa kadhaa hadi siku chache baada ya kuoga. Na vinapenda kukaa wapi? Mahali kostyumu ilikuwa imefunika, kwa sababu nguo ilishikilia yale maji kwenye ngozi: matako, kiuno, mapajani, chini ya matiti.

Umeona shida inakoanzia? Dada anaenda staycation Ijumaa, Jumatatu ana vipele sehemu hizo, na kabla aseme lolote ameshaambiwa "umetoka wapi na hiyo". Nimesoma DM za kutosha kujua kwamba kuna watu wameachana juu ya hivi vipele. Kuna mwingine alinyamaza kwa aibu, akaenda kemisti, akapewa dawa tatu za magonjwa ya zinaa bila kupimwa chochote. Manze, hii inauma. Mara nyingi vipele vya jakuzi huisha vyenyewe bila dawa ndani ya siku kadhaa, na vinaweza kumpata yeyote aliyekaa kwenye maji mabovu, hata bibi na bwana waliooana juzi kanisani. Ukimeza antibayotiki ya kubahatisha hujajisaidia, umewafundisha tu bakteria kuizoea. Kama vipele vinazidi, vinauma sana, au una homa, nenda kwa daktari na umwambie kwamba ulikuwa kwenye jakuzi. Usione haya. Hilo ndilo jambo anahitaji kusikia.

Na mkiwa mmeenda wanne na watatu wana vipele, hiyo si bahati mbaya, ni maji. Ulizaneni kwa grupu kabla mwanzishe kesi za mapenzi.

Ya pili ni nzito. Inaitwa Legionella. Huyu ni bakteria wa maji, anazaana vizuri kati ya nyuzi 25 na 45. Kumbuka jakuzi inakaa nyuzi 38, 39, 40. Ni kama tumemjengea hoteli. Jina lake lilitokana na mkutano wa maveterani wa American Legion uliofanyika Philadelphia mwaka 1976, ambapo watu wengi waliugua nimonia ya ajabu na makumi wakafa, kabla ya wanasayansi kumgundua.

Huyu hakupati kwa kumeza maji. Anakupata kwa kupumua. Yale mapovu tunayoyapenda, jeti zikipiga, yanarusha matone madogo sana hewani, madogo kuliko unavyoweza kuona, na unayavuta hadi kwenye mapafu. Kwa hivyo hata yule aliyekataa kuingia, amekaa kando na kinywaji chake anawachukua video, naye anapumua hewa ile ile.

Nikisema hivyo kuna watu huniambia naongeza chumvi. Haya. Februari 1999, kule Bovenkarspel, Uholanzi, kulikuwa na maonyesho ya maua. Ndiyo, Uholanzi hiyo hiyo tunayoipelekea maua ya Naivasha. Ndani ya ukumbi kulikuwa na jakuzi za maonyesho. Watu hawakuwa wanaoga. Walikuwa wanapita tu, wanaangalia, wanaenda zao. Watu 32 walikufa. Wengine zaidi ya 150 waliugua. Miaka 20 baadaye, Septemba 2019, ikatokea North Carolina, Marekani, kwenye maonyesho ya North Carolina Mountain State Fair. Tena jakuzi za maonyesho. Zaidi ya watu 130 waliugua na wanne wakafa. Hizo ni nchi zenye maabara, wakaguzi, na sheria za kurasa mia. Na bado ikapita.

Sasa jiulize sisi. Msee anatoka Naivasha Jumapili, baada ya wiki moja ana homa, kikohozi, kifua kinabana, kichwa kinagonga. Dalili zake huanza mara nyingi kati ya siku 2 na 14. Atasema ni baridi ya usiku. Atapimwa malaria. Atapewa dawa ya kifua ya kawaida. Na hapa ndipo pabaya: dawa za jamii ya penisilini, ambazo ndizo hupewa watu haraka, hazimfanyi Legionella chochote. Anahitaji antibayotiki za aina nyingine, na mapema. Daktari hawezi kumfikiria kama hajui ulikuwa kwenye jakuzi. Kwa hivyo sentensi moja, "Daktari, wiki jana nilikaa kwenye jakuzi," inaweza kuokoa maisha yako. Walio hatarini zaidi ni waliopita miaka 50, wavutaji sigara, wenye matatizo ya mapafu, na wenye kinga dhaifu. Ukimpeleka mzazi wako staycation kumshukuru, kumbuka hilo.

Hayo mengine nitayapitia haraka. Hutashika mimba kwa maji ya jakuzi. Hutapata HIV wala kisonono kwa sababu ya maji. Hayo yanakuja na yale mengine mnayofanya humo ndani, si maji. Mama mjamzito, hasa miezi ya kwanza, aongee na daktari kwanza, kwa sababu joto lile si zuri kwa mtoto. Watoto chini ya miaka mitano wasiingie. Na mkiwa mmelewa, joto na pombe vinaweza kukulaza usingizi ndani ya maji. Mmesikia.

Sasa turudi kwa wenye nyumba, kwa sababu najua kwenye komenti mtasema naharibia watu biashara.

Jibu ninalopata mara nyingi nikiuliza ni "maji yako clear". Mwenye nyumba mmoja alinitumia hadi video ya sarafu chini ya maji ili nione ilivyo safi. Poa. Lakini bakteria hawaonekani. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na yawe na klorini sifuri. Jibu la pili ni "hata harufu ya klorini utaiskia". Hiyo pia si sifa. Ile harufu kali inayochoma macho huwa ni klorini iliyoshikana na jasho na mkojo. Maji yaliyotunzwa vizuri hayanuki sana.

Jibu la tatu ndilo lina uzito: "tunabadilisha maji kila mgeni". Wengine wanabadilisha kweli, na nawapa heshima. Lakini tuongee ukweli wa hapa Nairobi. Kuna mitaa maji ya kaunti yanakuja siku mbili kwa wiki. Zikipita hizo, ni boza. Mtu ana wageni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, jakuzi ya lita 1,500, na tangi linalotegemewa na ploti nzima. Unadhani anamwaga mara tatu? Na hata akimwaga, ndani ya mabomba kunabaki utelezi, ule utando ambao bakteria hujijengea na kujificha. Ukijaza maji mapya bila kusugua, kusafisha kichujio na kupitisha dawa kwenye mabomba, umewaletea tu maji mapya ya kuoga.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza lisiwe "mnabadilisha maji?" Swali la kwanza ni "mnapima maji?" Kupima hakutaki lita 1,500. Kunataka kikaratasi. Unakichovya, rangi inabadilika, unalinganisha na ile chati kwenye kopo: klorini ni ngapi, pH ni ngapi. Haichukui hata dakika mbili. Unaandika kwa daftari: tarehe, saa, namba. Ushauri wa kitaalamu ni kupima angalau mara mbili kwa siku, na zaidi kukiwa na watu wengi. Kama BnB yako inaweza kulipia maua ya waridi ya kumwaga kitandani, inaweza kulipia vikaratasi.

Kuna mtu mwingine hatumtaji kwenye haya mambo: keateka. Yule kijana anayeambiwa "weka dawa" bila glavu, bila mafunzo, anapima kwa kifuniko cha chupa na kubahatisha. Klorini ikichanganywa na asidi inatoa gesi ya sumu. Asidi ni ile ile ya kushusha pH, na pia imo kwenye sabuni nyingine za choo. Mtu anaweza kuzirai kwenye kabafu kadogo kasiko na dirisha, na asubuhi yake sisi tunapiga picha hapo. Kwa hivyo ukiuliza rekodi ya maji, unamuulizia na yeye. Nyumba inayopima maji vizuri kwa kawaida imemfundisha mtu wake.

Wengine mtaniambia nimwachie serikali. Ni kweli afya ya kaunti ni kazi ya kaunti, hivyo ndivyo Katiba ya 2010 ilivyogawa kazi, na maafisa wa afya ya umma wako. Lakini afisa anajua mkahawa uko wapi kwa sababu una bango barabarani. Jakuzi iliyo ghorofa ya 11, mlango usio na jina, inayopatikana kwa linki tu, ataijuaje? Kaunti zianze na jambo rahisi: nyumba yoyote inayokodisha jakuzi kwa pesa ijulikane, na daftari la vipimo liwe ukutani kama vile leseni ya hoteli inavyokaa ukutani. Haihitaji sheria ya kurasa mia. Na Kifungu cha 46 cha Katiba kimeshakupa mteja haki ya kupata habari na haki ya kulindwa afya yako. Kwa hivyo ukiitisha daftari hauombi msaada. Unadai chako.

Najua komenti zinazokuja, acha nizijibu mapema.

"Wewe ni daktari?" La. Hata kampasi sikumaliza, mnajua. Lakini chati ya rangi kwenye kopo la vikaratasi haihitaji digrii, na mwenye nyumba pia hahitaji. Hilo ndilo linalonikasirisha: ni kitu rahisi kiasi hicho na bado hakifanywi.

"Sisi tulikua tukiogelea mtoni na hatukufa." Mto unatiririka, haukai nyuzi 39 na hauna jeti za kukupulizia maji usoni. Na tena uliza watu wa Mwea na wa kando ya Ziwa Victoria kuhusu kichocho. Mto nao ulikuwa na bei yake, ni vile tu tulikuwa watoto.

"Sasa tusijiburudishe?" Jiburudisheni! Nimesema jakuzi ni mbaya wapi? Jakuzi iliyotunzwa ni raha, na mtu aliyefanya kazi wiki nzima anastahili mgongo wake upigwe na maji moto. Ninachokataa ni kulipa elfu kumi na tano kuoga kwenye mchuzi wa wageni wa jana.

Kwa hivyo kabla ulipe, tuma maswali haya manne. Screenshot uweke:

1. Maji yalipimwa lini mara ya mwisho, na klorini na pH zilikuwa ngapi? Wakupe namba, si "iko sawa".
2. Kichujio na mabomba husafishwa lini, na nani?
3. Jakuzi huwekwa nyuzi ngapi? Ikizidi 40, washushe.
4. Wageni wa mwisho walitoka lini, na kilifanywa nini baada yao?

Ukifika, weka mkono kwenye ukuta wa ndani, pale maji yanapoishia. Ukiteleza kama sabuni, ondoka. Kama kuna povu lisiloisha hata jeti zikizimwa, ondoka. Kama maji ni ya mawingu, ondoka. Unaweza pia kubeba vikaratasi vyako. Vinauzwa kwenye maduka ya dawa za mabwawa, na kopo moja mbogi yote inagawana.

Sisi pia tuna kazi. Oga na sabuni kabla ya kuingia, toa meikapu na mafuta. Enda choo kwanza. Kama tumbo linakuendesha, usiingie kabisa, kwa sababu kuna vijidudu kama Cryptosporidium ambavyo klorini ya kawaida haiviui haraka. Vinaweza kuishi humo siku kadhaa. Usizamishe kichwa, usimeze maji. Ukitoka, vua kostyumu mara moja na uoge tena. Usilale nayo ati bado tunapiga picha.

Na kwenu wenzangu wa kontenti: tunapewa usiku wa bure ili tuaminiwe na watu. Wanaotuamini ni wadogo zetu na mabeshte zetu, watu waliochanga pesa miezi miwili kwa ajili ya usiku mmoja. Tunauliza kuhusu WiFi, taa na mandhari. Tuongeze swali moja la maji. Mwenye nyumba akikasirika kwa sababu umeuliza, ameshakujibu.

Kuanzia leo, kwenye ukurasa huu, sifanyi kolabo ya jakuzi bila kuona daftari. Na naweka ofa mezani: BnB yoyote itakayonitumia picha ya rekodi zake za mwezi mzima, namba na tarehe, nikaja nikapima mwenyewe na zikalingana, nitaiweka hapa bure. Sitaki pesa, sitaki usiku wa bure. Walio na maji safi wanastahili kujulikana.

Tuma hii kwa yule beshte yako anayepanga besdei mwezi ujao. Halafu mwambie aanze na swali la kwanza.